Waliozikwa Siku Moja

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la makaburi Jumatatu asubuhi, tena juu kiasi kwamba mtu mfupi alilazimika kuinua kidevu kama anayenyolewa. Ndivyo wakubwa wanavyotoa habari. Wanaiweka mahali ambapo ukishindwa kuisoma, kosa ni lako. Lilisema kwamba eneo limejaa, kwamba makaburi yote yaliyopita miaka thelathini yatafukuliwa na mifupa ikusanywe katika shimo moja ili kupisha wafu wapya, na kwamba mwenye pingamizi afike ofisini na vielelezo kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Chini ya maneno hayo kulikuwa na orodha ya majina, kurasa tisa.

Mzee Sepetu alisimama nyuma ya watu akiwa ameshika kofia yake mkononi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya sepetu aliyochimbia makaburi hayo hayo miaka ishirini na sita, hadi walipomstaafisha mwaka uliopita kwa barua ya mistari mitatu. Kusoma alijua kwa shida. Shule aliiacha darasa la nne. Kwa hiyo alimwacha binti yake asome, naye akawa anaangalia mgongo wa binti yake.

Binti alikuwa msusi, mwepesi wa mikono na wa ulimi. Alipekua kurasa kwa kidole, moja baada ya nyingine, kwa uvivu wa mtu asiyetegemea kukuta chake. Kwenye ukurasa wa saba kidole kikasimama.

"Baba, wamemwandika mama."

Mzee aliigeuzageuza kofia.

"Wamemwandika kazikwa tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa na themanini. Mwaka huo mama alikuwa darasa la pili. Alizikwa kwanza, halafu akaja kunizaa." Akacheka kicheko kisicho na raha, kisha akaendelea kushuka na kidole. "Na huyu hapa tarehe hiyo hiyo. Na huyu. Ukurasa mzima, baba. Watu sitini na mmoja, siku moja. Kulikuwa na vita hapa?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa kando yao alisema labda ilizama meli. Mwingine akamwambia hapa hakuna hata mto. Watu wakacheka kidogo, wakatawanyika kwenda kazini, maana hakuna kati yao aliyekuwa na mtu kwenye ukurasa ule. Au alikuwepo mwenye mtu, lakini jina lilikuwa juu mno kwa macho yake.

Njia nzima binti aliongea peke yake. Alisema wameharibu wenyewe kwa hizo kompyuta zao mpya, kwamba watu wanalala na mifumo badala ya wake zao, kwamba kesho atawaendea na cheti cha kifo na watamtambua. Mzee Sepetu alitembea hatua mbili nyuma yake, akiitikia kwa kukohoa.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili. Katika chumba cha mbele, juu ya meza ambayo marehemu mkewe alikuwa akipigia pasi, ilikaa kompyuta ya zamani yenye rangi iliyokwisha kugeuka ya manjano kama meno ya mvuta sigara. Kando yake printa pana iliyofunikwa kanga. Wafanyakazi wa makaburini walikuwa wakiiita kompyuta ile Bikizee. Marehemu, ambaye wote walimwita Bi Karani, aliitumia kuandika kila aliyezikwa tangu alipoajiriwa hadi wiki aliyougua kifua. Mume alimzika mtu kwenye udongo, mke akamzika kwenye mashine, kisha wakarudi nyumbani pamoja kwa miguu. Hivyo ndivyo ndoa yao ilivyokuwa, na haikuwa mbaya.

Kompyuta mpya zilipoletwa, kijana mmoja alikuja na waya, akanyonya majina yote kutoka tumboni mwa Bikizee kwa nusu siku, akaondoka. Bikizee akatupwa nyuma ya stoo pamoja na viti vilivyovunjika. Wingu la mvua lilikuwa limetanda siku hiyo. Mzee alimpakia kwenye toroli la udongo akampeleka nyumbani, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu ofisi ile haijawahi kuuliza kitu ambacho hakina posho.

Tangu hapo, kila jioni baada ya kula, alimwasha. Alibonyeza swichi nyekundu ya ubavuni, feni ikavuma, diski ikakwaruza kama kuku anayechakura, na kioo cheusi kikaanza kuhesabu kumbukumbu zake kwa tarakimu za kijani. Ilichukua muda. Mzee hakuwa na haraka. Mashine ikimaliza kuhesabu ilimuuliza swali moja, yeye akabonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia, na daftari la marehemu likafunguka, namba kwa namba, kila jina katika mstari uliochapwa na vidole vyake yule mama. Binti alikuwa akilalamika kwamba wanalipia umeme wa jokofu ambalo hawana. Lakini hakuwahi kuizima.

Jioni ile ya Jumatatu mzee alikaa mbele ya kioo bila kukiwasha. Alijua. Wakati binti anahesabu majina pale getini, yeye alikuwa anajua.

Bikizee alikuwa na ugonjwa mmoja. Ndani yake kuna betri ndogo ya saa, na ile betri ilikufa zamani. Kila akizimwa alisahau leo ni lini, na kila akiwashwa alidhani ndiyo kwanza mwaka wa themanini unaanza, akauliza aambiwe tarehe. Bi Karani alimwambia kila asubuhi, miaka kumi na moja, akitazama kalenda ya ukutani. Aliandika barua tatu kuomba betri. Betri yenyewe bei yake ilikuwa kama ya mkate. Jibu lilikuja moja: ombi lako linashughulikiwa.

Alipokufa, ofisi ilisema karani mpya anakuja mwezi ujao. Mwezi ujao huo ulikuwa na miezi saba ndani yake. Mkuu wa makaburi akamwambia Mzee Sepetu aandike yeye, si alikuwa akimwona mkewe anavyofanya? Na wa kwanza kumwandika akawa mkewe mwenyewe, saa tisa alasiri, udongo wa kaburi lake ukiwa bado kwenye viatu. Mashine ikauliza tarehe. Ilikuwa tarehe ishirini na tatu, mwezi wa sita. Akaandika ishirini na tatu, akaandika sita, akaandika mwaka. Mashine ikakataa. Akaandika tena, polepole, kidole kimoja kimoja. Ikakataa. Mara ya tatu ikakataa, na yeye macho yakawa yamejaa machozi asione tena herufi. Akapiga kile kitufe kikubwa bila kuandika kitu. Daftari likafunguka.

Basi akadhani ndivyo inavyotakiwa. Au hakudhani, alichoka, na mlango umefunguka, nani anauliza umefungukaje? Miezi saba akabonyeza kitufe kile. Watu sitini na mmoja.

"Mbona hujawasha?" binti aliuliza kutoka chumba cha ndani.

"Nimechoka leo."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba mara nyingine kimo kidoleni.

Jumanne walikaa kwenye benchi la ofisi ya makaburi tangu saa mbili hadi saa tano. Ni benchi lile lile ambalo mzee alilipigilia misumari mwenyewe, miaka ya nyuma. Waliokuja baada yao wakiwa na tai waliingia kabla yao.

Afisa wa kumbukumbu alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mwenye miwani na shali mabegani kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi. Alisikiliza vizuri kuliko walivyotarajia. Alikitazama cheti cha kifo pande zote mbili, akakirudisha.

"Hiki kinaonyesha mama amefariki," alisema. "Hakionyeshi yuko kaburi gani. Mfumo unasema kaburi hili ni la mwaka themanini. Majina hufanana."

Binti alimuuliza kama watu sitini na mmoja wote nao wamefanana. Afisa alisema hata yeye alishangaa, ila alipouliza aliambiwa huenda ilikuwa ajali, na data alizikuta hivyo. Binti akasema basi wameziharibu walipozihamisha, na kama ni hivyo atakwenda redioni, atakwenda kwa mwanasheria, atakaa juu ya kaburi hadi walete trekta limpitie. Alisema hayo kwa sauti ya saluni, na watu wa benchi wakanyoosha shingo.

"Binti yangu," mzee alimwambia afisa, akitaka kupoza mambo, "usimsikilize, ana uchungu."

"Mimi si binti yako, mzee. Mimi ni afisa."

Mzee akaitazama kofia yake. Ofisi ile aliipiga chokaa yeye.

Afisa alishusha pumzi, labda kwa kuona aibu yake mwenyewe, akaeleza kwamba njia ni moja tu. Ingepatikana ile kompyuta ya zamani, ikawaka, daftari lake la asili likaonekana, hapo angeweza kulinganisha. Bahati mbaya ilishafutwa kwenye orodha ya mali. Hakuna ajuaye iko wapi.

Binti aligeuka akamtazama baba yake. Mzee aliona njia mbili zimelala mbele yake kama mashimo mawili. Akinyamaza, mkewe anafukuliwa, lakini kosa linabaki kuwa la wakubwa milele, na yeye anabaki mjane aliyeonewa. Akisema, ile mashine itawashwa mbele ya watu, na itauliza swali lake.

"Iko nyumbani kwangu," alisema. "Na inawaka."

Jumatano waliileta kwa mkokoteni, imefungwa kwa blanketi, printa juu ya mapaja ya binti. Mkuu wa makaburi mwenyewe alikuja kuiona, mtu mnene wa kutembea na funguo nyingi. Jambo la kwanza alilosema ni kuuliza mali ya ofisi ilifikaje nyumbani kwa mtu. Mzee alisema aliiokota jalalani. Mkuu akasema jalala la ofisi nalo ni mali ya ofisi, na mashine haitoki tena hapa. Kisha akatazama saa.

Swichi nyekundu. Feni ikavuma. Bikizee akaanza kuhesabu.

"Inafanya nini?" Mkuu aliuliza.

"Inahesabu kumbukumbu zake, mkuu."

"Itamaliza lini?"

"Inamaliza ikimaliza."

Walisimama wanne, wakitazama tarakimu za kijani zikipanda. Mkuu alijibu simu, akaikata. Hatimaye hesabu ikasimama, diski ikachakura, na swali likatokea kwenye kioo cheusi, na mbele ya swali kile kialama kidogo kikawa kinapepesa, kinapepesa, kama jicho linalosubiri.

Mzee Sepetu alinyoosha kidole hadi juu ya kitufe kikubwa. Kikabaki hewani.

"Hapa ndipo," alisema.

"Hapa ndipo nini, baba?"

"Hapa ndipo mama yako alipokuwa anaandika tarehe. Mimi sikuandika. Niliandika mara tatu siku ile tuliyomzika, ikanikatalia. Nikabonyeza hiki. Na kila siku baada ya hapo nikabonyeza hiki hiki." Akakionyesha kwa kidole. "Mashine ilisema mwaka themanini, mimi nikaitikia. Hawakuharibu hawa. Ni mimi."

Binti alikuwa bado amekumbatia kanga iliyofunika printa. Siku mbili alikuwa amepigana na watu, na baba yake alimwacha apigane.

Mkuu alicheka taratibu, kicheko cha mtu aliyekuta deni lake limelipwa na mwingine. "Kwa hiyo kosa ni lenu wenyewe. Watu wanakuja hapa kutukana ofisi." Akasema ataliandika hilo. Akatoka, na funguo zake zikamfuata. Hakuuliza nani alimpa mchimba makaburi kazi ya karani, wala barua tatu za betri ziko faili gani. Mtu mnyonge akikiri kosa lake, wenye makosa makubwa huenda kunywa chai.

Afisa alibaki. Alikuwa ameinama karibu na kioo, miwani ikimeremeta kijani.

"Uliandika vipi siku ile? Nionyeshe."

Mzee akamwonyesha, kidole kimoja kimoja. Ishirini na tatu, sita, mwaka. Mashine ikakataa, ile ile, kama ilivyomkatalia siku ya udongo kwenye viatu.

"Inataka mwezi kwanza, mzee," afisa alisema kwa upole. "Mwezi, halafu siku. Ni hivyo tu."

Akajaribu. Sita, ishirini na tatu, mwaka. Mashine ikakubali bila kelele, ikamfungulia daftari.

Ni hivyo tu. Maneno matatu. Miaka kumi na moja aliketi mlangoni pa chumba hiki akimsubiri mkewe afunge kazi, akisikia vitufe vikilia, na hakuwahi kuuliza anabonyeza kipi kwanza. Wala mke hakuwahi kumwambia, kwa sababu kila mmoja alidhani yule mwingine atakuwepo.

Daftari la asili lilikuwa na kitu ambacho mfumo mpya ulikitupa njiani: namba za marehemu Bi Karani. Hakupanga watu kwa tarehe. Alipanga kwa namba, mmoja baada ya mwingine kadiri walivyoingia ardhini. Afisa alizisoma kwa sauti. Elfu nne na kumi na moja, mzee mmoja, Juni ya mwaka juzi, kwa mkono wa Bi Karani kabla hajalazwa. Elfu nne na kumi na mbili, Bi Karani mwenyewe, Januari ya mwaka themanini.

"Hawezi kuwa baada ya huyu na akazikwa miaka arobaini kabla yake," afisa alisema. "Wote sitini na mmoja hawawezi. Chapa."

Utepe wa printa ulikuwa umekauka. Binti, bila kumtazama baba yake, akatoa kwenye mkoba kichupa cha mafuta ya cherehani, akaudondoshea matone mawili na kuuzungusha kwa kidole. Mama yake ndivyo alivyokuwa akifanya. Printa ikalia kwa kelele yake ya kukata bati, na karatasi ikatoka, maandishi hafifu lakini yanasomeka.

Uamuzi wa Mkuu ulirudi Alhamisi, ukiwa umeandikwa kwa kalamu pembeni mwa karatasi ile: namba zimekubalika kama kielelezo, kila familia ijaze fomu ya marekebisho kwa marehemu wake, asiyejaziwa fomu hadi Ijumaa saa sita afukuliwe kama ilivyopangwa.

Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Jina la marehemu, namba ya kaburi, tarehe sahihi, uhusiano na marehemu, sahihi. Binti aliandika yote. Kwenye uhusiano mzee aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopishana urefu: MUME. Afisa akagonga muhuri. Bi Karani akabaki alipo.

Walikuwa wamefika mlangoni, binti ameshatoa mguu mmoja nje.

"Na wale wengine?" aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa baba yake tangu jana.

"Wengine wana wenyewe."

"Wenyewe wako wapi, baba? Watasoma lile tangazo kwa ngazi?"

Mzee alisimama. Aliwajua wale watu. Hakuwajua walipokuwa hai, aliwajua kwa vipimo. Elfu nne na kumi na tisa lilikuwa jeneza la mtoto, alichimba futi tatu na nusu. Elfu nne na thelathini aliletwa na askari wawili na hakuna aliyelia, hadi yeye mwenyewe akavua kofia ili awepo hata mtu mmoja. Elfu nne na arobaini na nne mvua ilijaza shimo mara mbili. Aliwachimbia vizuri wote, kuta wima, pembe safi. Kisha akaingia ofisini akanawa mikono, akabonyeza kitufe.

Alirudi mezani akaomba fomu nyingine.

"Ya nani?" afisa aliuliza.

"Zote sitini."

Afisa alimkumbusha kwamba fomu ni za jamaa. Mzee akasema anajua. Afisa akavuta mtoto wa meza, akatoa bunda zima.

Waliandika hadi ofisi ikafungwa, na Ijumaa wakaanza tena mlango ulipofunguliwa. Tarehe aliikumbuka kwa mvua, kwa siku ya mshahara, kwa siku sepetu ilipovunjika mpini. Pale alipobabaika, afisa alilinganisha na daftari la mapokezi ya getini. Binti alijaza majina na namba. Kila alipofika kwenye mstari wa uhusiano alisogeza karatasi kwa baba yake, maana hapo alimkataza kuandika. Na kila mara mzee aliinama na kuandika maneno yale yale, polepole, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Afisa aliisoma ya kwanza. "Mzee, hapa panatakiwa uhusiano."

"Ndio huo."

Ilisomeka: NILIYEKOSEA TAREHE YAKE.

Afisa aliishika ile fomu juu ya meza. Mlangoni funguo za Mkuu zililia, zikapita, zikaenda zake. Akagonga muhuri. Akavuta ya pili, akagonga. Hakuuliza tena.

Saa sita kasorobo fomu ya sitini ilikuwa imegongwa. Kwenye kona Bikizee alikuwa amezimwa, amebandikwa karatasi ya stoo kwa ajili ya kuuzwa chuma chakavu. Leo jioni meza ya pasi itakuwa tupu, ikiwa na mraba usio na vumbi katikati, na mzee hatakuwa na swali la kujibu baada ya kula. Alijua hilo. Binti alikuwa amesimama akikunjakunja vidole vyake vilivyokufa ganzi, hajamsamehe, lakini alikuwa anamsubiri.

"Tumemaliza, baba. Twende."

"Bado moja," mzee alisema, akanyoosha mkono kwa afisa. "Naomba ile ya jana. Ya mke wangu."

Akapewa. Akaiweka sawa, akaitafuta nafasi ndogo iliyobaki baada ya neno MUME, na kwa herufi za kubana akaongeza yale maneno mengine matatu.